Mchungaji wa Weyburn na miaka 18 ya kuitafuta bima ya afya kwa wote

Kila mjadala wa bima ya afya kwa wote unapopamba moto huku kwetu, hatakosekana mtu wa kuitolea mfano Kanada. Mfano ni mzuri, ila mara nyingi husimuliwa kana kwamba serikali kuu ya Ottawa iliamka siku moja ikatunga sheria, na milango ya hospitali ikafunguka. Mpango ule ulianzia mbali na Ottawa, katika Saskatchewan, jimbo la wakulima wa ngano lenye eneo linalozidi theluthi mbili ya Tanzania na ambalo wakati huo halikufikisha watu milioni moja. Aliyeusimamia alikuwa mchungaji wa kanisa la Kibaptisti katika mji mdogo wa Weyburn, Thomas Clement Douglas, ambaye karibu kila mtu alimwita Tommy.

Aliingia madarakani 1944 akiwa na ahadi ya matibabu kwa kila mkazi. Sheria ya kumlipia kila mkazi gharama za daktari ilianza kazi 1 Julai 1962. Hapo katikati ni miaka 18. Nimekaa na kisa hiki muda mrefu kwa sababu ya miaka hiyo. Wapo wanaoisoma kama ucheleweshaji wa kawaida wa wanasiasa. Mimi naona ndiyo iliyolifanya jambo lenyewe lisimame. Douglas hakukubali kuwapa wakulima huduma ambayo hazina ya jimbo isingeweza kuilipia mwaka wa pili, na kila hatua aliyopiga aliiweka juu ya kitu ambacho wanavijiji walikwisha kukijenga kwa mikono yao.

Goti, na makaburi mawili

Douglas alizaliwa Falkirk, Scotland, 1904. Familia ilihamia Winnipeg 1910, na mtoto tayari alikuwa na goti bovu: jeraha la utotoni lilikuwa limeingia mfupani na halikutaka kupona. Huko Winnipeg ikafika mahali wazazi wakaambiwa mguu ukatwe. Baba alikuwa fundi wa kiwanda cha kusubu chuma, na daktari bingwa alikuwa nje kabisa ya uwezo wake. Mtoto akalazwa wodi ya wasiolipa. Akapita pale daktari bingwa wa mifupa, akavutiwa na kesi, akajitolea kumpasua bila malipo kwa sharti moja, wanafunzi wake waruhusiwe kutazama. Mguu ukapona.

Maisha yake yote Douglas alikisimulia kisa hicho kwa shukrani, na kila mara alikifikisha palepale: kama daktari yule asingepita wodini siku ile, au kama goti lisingekuwa la kufundishia, yeye angetembea kwa mguu mmoja. Mtoto wa tajiri asingehitaji bahati. Hoja yake yote ya siasa ilikuwa imo humo, na ndiyo maana haikuhitaji maneno magumu kueleweka na mkulima.

Ujana wake naupitia haraka. Aliacha shule mapema akajifunza uchapaji. Tarehe 21 Juni 1919, akiwa na umri wa miaka 14, alishuhudia kutoka juu ya paa polisi wakiwafyatulia risasi wagomaji wa Winnipeg. Alikuwa bondia, na 1922 akatwaa ubingwa wa Manitoba wa uzito mwepesi. Kisha akaenda Chuo cha Brandon kusomea uchungaji, na 1930 akapewa Kanisa la Calvary, Weyburn.

Alifika wakati mbaya. Bei ya ngano ilianguka hadi chini ya senti 40 kwa busheli, na mvua zikakata miaka kwa miaka. Wastani wa kipato cha mtu mmoja Saskatchewan ulishuka kutoka dola 478 mwaka 1928 hadi dola 135 mwaka 1933. Hakuna jimbo jingine la Kanada lililoporomoka kiasi hicho. Upepo ulibeba udongo wa juu wa mashamba ukaugeuza wingu jeusi. Akina mama walibandika vitambaa vilivyoloweshwa kwenye madirisha, na bado asubuhi walifuta vumbi juu ya sahani. Misaada ilipokuja kwa treni kutoka majimbo ya pwani ya mashariki, ndani ya mabehewa mlikuwa na samaki wakavu wa chumvi, na familia nyingi za nchi kavu hazikujua hata zianzie wapi kuwapika.

Katika hali hiyo mchungaji kijana alikuwa na kazi ya kuzika. Baadaye alieleza kwamba alizika mwanamume mmoja Griffin na mwingine Pangman, vijiji viwili vya jirani, wote wa miaka ya thelathini na kitu, wote wameacha wajane na watoto wadogo. Walikufa kwa maradhi yanayotibika, kwa kuwa hapakuwa na daktari karibu. Mtu aliyesimama mbele ya kaburi la namna hiyo akamtazama mjane hahitaji takwimu. Mwaka 1931 wachimba makaa wa Estevan, si mbali na Weyburn, walipogoma na watatu kati yao kuuawa kwa risasi za polisi, Douglas alikuwa tayari miongoni mwa waliowakusanyia chakula. Kutoka hapo kuingia kwenye siasa ilibaki hatua moja. Chama cha CCF, muungano wa wakulima, wafanyakazi na wanaushirika, kiliundwa Calgary 1932. Akagombea bunge la jimbo 1934 akashindwa. Mwaka uliofuata akagombea bunge la Kanada kwa kiti cha Weyburn, akashinda.

Kuna doa ambalo mchambuzi mwaminifu hawezi kulifunika. Tasnifu yake ya shahada ya uzamili, aliyoiwasilisha Chuo Kikuu cha McMaster 1933, ilitetea fikra za kuchuja uzazi wa binadamu, ikiwa ni pamoja na kuwafunga uzazi watu waliohesabiwa kuwa na upungufu wa akili. Aliandika hivyo akiwa mchungaji, kuhusu familia maskini za mji uleule aliokuwa akiuhudumia. Ni ukurasa mbaya, na kusema kwamba wasomi wengi wa wakati ule waliamini hivyo hakuupunguzii ubaya. Ninachoweza kuongeza ni kilichotokea alipopata mamlaka. Alberta ilikuwa na sheria ya kufunga watu uzazi tangu 1928, British Columbia tangu 1933. Serikali ya Douglas ilipopewa mapendekezo ya namna hiyo iliyakataa, na Saskatchewan haikuwa na sheria hiyo kamwe.

Daktari wa halmashauri

Hapa ndipo naomba msomaji atulie, kwa sababu wasimulizi wengi huruka sehemu hii wakamkimbilia shujaa.

Muda mrefu kabla ya Douglas kushika madaraka, wakulima wa Saskatchewan walikuwa na tatizo la hesabu. Eneo la mashamba lenye kaya mia chache zilizotawanyika lilimshinda daktari: wagonjwa wachache, safari ndefu kwenye theluji, na malipo yanayotegemea mavuno. Madaktari walihama. Wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia, halmashauri ya vijijini ya Sarnia ilikuwa karibu kumpoteza daktari wake ikaamua kumpa posho ya kumfanya abaki: dola 1,500 kwa mwaka kutoka kwenye kodi ya ardhi. Kisheria halmashauri haikuwa na mamlaka hayo. Bunge la jimbo likarekebisha sheria 1916 ili jambo lililokwisha kufanyika liwe halali, na halmashauri nyingine zikaiga. Miaka hiyohiyo wakulima walianza kuungana, halmashauri mbili au tatu pamoja, kujenga na kuendesha hospitali moja.

Kwa hiyo ilipofika miaka ya 1940 kulikuwa na kizazi kizima cha watu wa vijijini waliojua kwa uzoefu, si kwa nadharia, kwamba daktari anaweza kulipwa kwa kodi, mgonjwa asiulizwe hela mlangoni, na dunia isianguke. Wanasiasa wa CCF waliposimama jukwaani kuzungumzia matibabu ya umma, mkulima alisikia jambo analolifahamu likiahidiwa kwa upana zaidi.

Tarehe 15 Juni 1944 CCF ilipata viti 47 kati ya 52. Douglas, aliyekuwa kiongozi wa chama jimboni tangu 1942, akawa kiongozi wa serikali ya jimbo, cheo nitakachokiita Waziri Kiongozi kama walivyokuwa wakiita Zanzibar hadi 2010. Wizara ya Afya hakumpa mtu. Aliishika mwenyewe hadi 1949. Katika wiki za mwanzo alimwita Henry Sigerist wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins aje kutazama hali ya afya jimboni, na ripoti ikawa mezani Oktoba ya mwaka uleule. Kuanzia Januari 1945 wastaafu wa pensheni ya uzee na akina mama wajane wanaopokea posho walipewa kadi ya matibabu. Walianza na wasioweza kabisa, ambao hakuna daktari aliyekuwa akitegemea fedha zao.

Kisha ikaja Swift Current. Hii ni sehemu ya kusini magharibi mwa jimbo, kavu kuliko zote, iliyopigwa na ukame bila huruma. Serikali ilikuwa imeruhusu maeneo kuunda kanda za afya. Katibu wa halmashauri ya Pittville, William Burak, hakungoja maelekezo. Aliandika barua kwa halmashauri za jirani, akaitisha mikutano, akapita kueleza kwamba wakiungana wanaweza kwenda mbali zaidi ya alivyowaza waziri. Wakazi wakapiga kura mwishoni mwa 1945 wakakubali. Tarehe 1 Julai 1946 Kanda ya Afya Namba 1 ikaanza: daktari, hospitali, na meno ya watoto, vyote vikilipiwa kwa mchango wa kila mtu pamoja na kodi ya ardhi. Madaktari hawakuwekwa kwenye mshahara. Walilipwa kwa kila huduma waliyotoa, na idadi yao katika kanda ikaongezeka. Kabla ya hapo walikuwa wakilipwa kwa kuku na kuni. Sasa hundi ilikuwa inafika.

Nikisoma habari za Swift Current siwezi kuacha kuikumbuka Igunga, mkoani Tabora. Mwaka 1996 Mfuko wa Afya ya Jamii, CHF, ulianza Igunga kwa majaribio, kaya ikichangia kwa mwaka na serikali ikiongeza kiasi hichohicho, ile tuliyozoea kuiita tele kwa tele. Sheria ikaja 2001. Wazo ni lilelile: wilaya ya wakulima, mchango mmoja wa kaya, matibabu bila kuulizwa hela dirishani. Tofauti iliyokuwa kubwa ni moja. Igunga mtu alijiunga kwa hiari yake, na katika hiari mwenye afya hujiweka kando akingoja augue, mgonjwa akawa wa kwanza kupanga foleni. Mfuko ukabaki na watu wachache wenye gharama nyingi. Swift Current walipiga kura kwanza, na baada ya kura kila kaya ililipa kwa njia ileile ya kodi. Nadhani hapa ndipo watunga sera wetu wangekaa muda mrefu kuliko wanavyokaa kwenye majengo ya Ottawa.

Dola tano, na hesabu za kila mwaka

Mafanikio ya Swift Current yangeweza kumtia mtu tamaa ya kutandaza mpango mzima jimbo zima mwaka uliofuata. Douglas alifanya nusu tu. Tarehe 1 Januari 1947 bima ya hospitali ikaanza Saskatchewan yote, ya kwanza ya aina yake Amerika ya Kaskazini kwa kuhusisha kila mkazi. Mchango ulikuwa dola 5 kwa mtu, na familia haikuzidi dola 30 hata iwe na watoto wangapi. Halmashauri ndizo zilizokusanya, kwa sababu ndizo zilizomjua kila mtu na shamba lake. Mkulima akiwa na kadi yake alilazwa, akapasuliwa, akatoka bila kuuza ng'ombe. Lakini daktari aliyemwona kabla na baada ya hapo aliendelea kumlipa kutoka mfukoni.

Kwa nini nusu? Kwa sababu jimbo lilikuwa na madeni ya miaka ya ukame, na waziri wake wa fedha, Clarence Fines, alikuwa mtu wa kuhakikisha bajeti haizidi mapato. Kuna wanachama wa CCF waliomwona Fines kama breki. Douglas alimwona tofauti. Alisema kwa namna nyingi kwamba serikali ya wakulima ikianza kukopa kwa mabenki ili kulipia huduma, siku moja mabenki ndiyo yatakayoamua nani atibiwe. Huo ni msimamo ambao hausikiki mara nyingi kwa mtu wa mrengo wa kushoto, na ndio uliompa miaka 17 mfululizo ya uongozi na ushindi katika chaguzi tano.

Kote katikati walifanya mengine, na si yote yaliyofaulu. Kiwanda cha viatu, cha ngozi na cha nguo za sufu vilivyoanzishwa na serikali vilikula hasara vikafungwa. Bima ya magari ya serikali, iliyoanza katikati ya miaka ya 1940, imedumu. Sheria ya umeme vijijini ya 1949 ilipeleka nyaya kwenye makumi ya maelfu ya mashamba ndani ya mwongo mmoja. Kwa mke wa mkulima aliyekuwa akisukuma maji kwa mkono na kufua kwa taa ya mafuta, pengine hilo lilikuwa kubwa kuliko bima yenyewe. Mwaka 1947 ulipitishwa muswada wa haki za watu, mapema kabisa kwa Kanada.

Kisha fedha zikapatikana, na zilitoka Ottawa. Mwaka 1957 bunge la Kanada lilipitisha sheria ya kuyarudishia majimbo takriban nusu ya gharama za bima ya hospitali, na malipo yakaanza Julai 1958. Saskatchewan ilikuwa imeubeba mzigo huo peke yake tangu 1947. Ghafla nusu ya mzigo ikashuka. Ilikuwa tele kwa tele ya nchi nzima, ikimfikia mtu aliyekuwa ameshachanga sehemu yake kwa miaka kumi na moja. Douglas hakupoteza muda. Aprili 1959, kwenye kampeni ya uchaguzi mdogo, huko Birch Hills, aliwaambia wakulima kwamba sasa bima ya daktari inawezekana, na tarehe 16 Desemba akaitangaza redioni kwa misingi mitano: watu wachange kabla ya kuugua, kila mtu ahusishwe, huduma iwe ya ubora, isimamiwe na chombo cha umma kinachowajibika kwa bunge, na ikubalike kwa wanaoitoa na wanaoipokea.

Msingi wa tano

Naamini msingi wa tano ulikuwa kosa lake kubwa zaidi, na lilikuwa kosa la mtu mwema. Aliutia kwa nia njema, akikumbuka madaktari wa Swift Current walivyoridhika. Lakini kusema kwamba mpango lazima ukubaliwe na madaktari ni kuwapa madaktari kura ya turufu, nao waliitumia.

Alichokosa kukiona ni kwamba madaktari wa 1959 hawakuwa wale wa 1935. Katika ukame daktari alikuwa na njaa sawa na mgonjwa wake, na bima yoyote ilikuwa neema. Mwaka 1943 chama cha madaktari cha Kanada kilikubali wazo la bima ya afya. Baada ya vita uchumi ukakua, watu wakaanza kulipa, na madaktari wenyewe wakaunda mifuko yao ya bima mijini Regina na Saskatoon. Sasa hawakuhitaji serikali. Waliiona kama mtu anayekuja kukaa kwenye kiti ambacho tayari kina mwenyewe. Uchaguzi wa 1960 ukawa kama kura ya maoni kuhusu bima. Chombo cha madaktari kilimtoza kila mwanachama dola 100 za kampeni. CCF ilishinda kwa takriban asilimia 41 ya kura, ushindi wa kutosha kutawala, lakini mdogo kuliko ambavyo mtu angependa anapokwenda vitani.

Na kabla vita havijaanza, jemadari akaondoka. Agosti 1961 Douglas alichaguliwa kuongoza chama kipya cha kitaifa, NDP. Tarehe 7 Novemba alimkabidhi uongozi wa jimbo Woodrow Lloyd, aliyekuwa mwalimu, kisha waziri wa elimu kuanzia 1944 hadi 1960. Siku kumi baadaye bunge la jimbo likapitisha sheria ya bima ya matibabu. Mimi simtetei Douglas katika hili. Zipo sababu za chama, na huenda hapakuwa na mwingine wa kuongoza NDP. Lakini aliahidi msingi wa tano kwa mdomo wake, na mtu mwingine akaachwa kutafuta namna ya kutawala nao. Lloyd hakuwa na mvuto wake jukwaani. Alikuwa na ukimya, na uvumilivu ambao sijui kama Douglas angekuwa nao.

Bima ikaahirishwa kutoka Aprili hadi 1 Julai 1962. Kati ya tarehe hizo, 18 Juni, palikuwa na uchaguzi wa bunge la Kanada, na Douglas aligombea Regina. Hasira zote za mjini zilimwangukia. Katika mji aliokuwa ametawala kutoka kwake kwa miaka 17, alishindwa kwa tofauti kubwa. Siku kumi na tatu baadaye bima aliyoipigania ikaanza kazi na madaktari wengi wa jimbo wakafunga milango.

Mgomo ulichukua siku 23. Siku ya kwanza kabisa mtoto wa miezi tisa alifariki wakati wazazi wake wakiendesha gari kutafuta daktari. Vikundi vya kutetea madaktari viliandamana. Serikali ilileta madaktari kutoka Uingereza, na hapa kitu cha zamani kikarudi: watu wa kawaida wakaanza kuunda kliniki za ushirika, wakichanga, wakikodi nyumba, wakimtafuta daktari wao wenyewe, kama babu zao wa Sarnia. Tarehe 11 Julai wapinzani waliitisha mkutano mkubwa mbele ya jengo la bunge Regina, wakitarajia makumi ya maelfu. Walifika kama 4,000 au 5,000 hivi. Kutoka siku hiyo upepo ukageuka.

Msuluhishi alikuwa Lord Taylor, daktari na mwanasiasa wa chama cha Labour aliyeijua huduma ya afya ya Uingereza tangu kuanzishwa kwake. Kwa kuwa pande mbili hazikukaa meza moja, alitembea kutoka chumba hadi chumba akibeba karatasi. Makubaliano ya Saskatoon yalitiwa saini 23 Julai. Kila mkazi akabaki ndani ya bima, na huo ndio ushindi. Madaktari wakabaki watu binafsi wanaolipwa kwa kila huduma, na mifuko yao ikaruhusiwa kupitisha malipo. Mpaka leo wachambuzi wa Kanada wanalalamika kwamba malipo ya kila huduma ndiyo yaliyoifanya bima yao iwe ghali na kuwafunga mikono kubadilisha utaratibu. Wana haki. Lakini huo ndio utaratibu uliokuwa Swift Current tangu 1946, na bila kuukubali sioni mgomo ungeisha vipi.

Lloyd alilipa gharama yake Aprili 1964: CCF ilishindwa na chama cha Liberal cha Ross Thatcher baada ya miaka 20. Thatcher alikuwa mpinzani mkali wa CCF, na alikuwa na kila nafasi ya kuifuta bima. Aliiacha. Mwaka uleule tume ya Jaji Emmett Hall, mtu wa Saskatchewan na mhafidhina aliyeteuliwa na waziri mkuu mhafidhina, ilipendekeza nchi nzima iwe na mpango kama ule, baada ya kuona mahali ambapo tayari unafanya kazi.

Douglas alikuwa amerudi bungeni kupitia uchaguzi mdogo wa Burnaby–Coquitlam, upande wa pili kabisa wa nchi, akiongoza chama kidogo. Tarehe 8 Desemba 1966 muswada wa bima ya matibabu ya Kanada ulipigiwa kura Ottawa, ukiletwa na serikali ya Liberal ya Lester Pearson. Ukapita kwa kura 177 dhidi ya 2. Majimbo yakaanza kuingia Julai 1968, na kufikia 1972 yote, pamoja na maeneo ya kaskazini, yalikuwa ndani.